Kumbukumbu na Hifadhi: Maelezo juu ya Kuchagua Memori ya Kompyuta ya Mezani

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza si la wanaisimu, nalo ni namna ya kuchagua memori ya kuongeza katika kompyuta ya mezani. Nathubutu kulileta mbele ya wasomaji wa jarida hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kuwa kazi yetu ya kukusanya maneno, kunakili masimulizi ya wazee na kupima sauti sasa hufanyika karibu yote katika kompyuta, na aghalabu katika kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine, ambazo idara huzinunua kwa fedha chache. Ya pili ni ya kuwa makosa mengi ya ununuzi huu hayatoki katika ufundi, bali hutoka katika maneno. Mimi si fundi wa kompyuta. Nilipokuwa nikisomea udaktari ng'ambo, chuo kilikuwa na mtu wa kufanya kazi hizo, nami sikupata kuufungua mfuniko wa mashine hata mara moja. Niliyoyaandika hapa nilijifunza niliporudi nyumbani, na sehemu kubwa nilijifunza kwa kukosea.

Katika chumba chetu cha sauti palikuwa na kompyuta ya mezani yenye memori ya gigabaiti 4. Msaidizi wangu alikuwa akiitumia kwa kunakili mahojiano na wavuvi wazee, kila moja lenye muda wa saa moja au zaidi. Kila alipofungua mahojiano mawili kwa pamoja mashine ilikwama, na siku moja ilizimika pamoja na alama za mahojiano alizokuwa hajazihifadhi, kazi ya asubuhi nzima. Mmoja wa wazee wale alikuwa amekwisha fariki. Sauti yake ilisalimika, lakini tulitambua ya kuwa tulikuwa tukiichezea amana ya watu.

Basi nikaenda dukani nikasema, "Nataka kuongeza kumbukumbu ya kompyuta." Muuzaji akaniuliza, "Kiasi gani, mwalimu?" Nikamjibu ya kuwa nataka kubwa iwezekanavyo. Akanipa diski ya nje ya terabaiti 1. Nikalipa, nikarudi, na mashine ikawa nzito kama jana. Mara ya pili nikajua kuomba RAM, neno wanalolitumia mafundi wote, nikapewa kipande cha gigabaiti 8 kilicho kipya na kizuri. Tulipofungua mfuniko kikakataa kuingia. Fundi tuliyemwita baadaye akakitazama akacheka, akasema, "Mwalimu, RAM si chumvi, hata iingie katika kila chungu." Muuzaji hakuwa na hatia katika ununuzi huo wote wawili, kwa kuwa kila mara alinipa kile nilichokitaja.

Maana ya neno

Tuanze na neno lenyewe. Katika ofisi zetu kumbukumbu ni maandishi yaliyokusudiwa kudumu. Kumbukumbu za mkutano huandikwa, hutiwa sahihi na kuwekwa katika jalada ili hata baada ya miaka ishirini mtu aweze kuzisoma. Katika kompyuta hali ni kinyume. Kile kinachoitwa memori husahau kila kitu mara umeme unapokatika. Na si hivyo tu. Memori ya aina hii, ambayo hataza yake alipewa Robert Dennard wa kampuni ya IBM mwaka 1968, huweka kila biti kama chaji ndogo ya umeme ndani ya kapasita, na chaji hiyo huvuja. Kwa kawaida kila biti hapana budi isomwe na kuandikwa upya katika kila milisekunde 64, la sivyo hupotea hata mashine ikiwa inawaka.

Kinachodumu ni diski, nayo haihitaji umeme ili kukilinda kilichoandikwa. Kwa hiyo diski ndiyo iliyo karibu zaidi na maana yetu ya ofisini, na memori iko mbali nayo. Charles Babbage, alipobuni mashine yake ya hesabu katika karne ya 19, aliita sehemu moja ghala na nyingine kinu. John von Neumann, alipoandika juu ya mashine iliyoitwa EDVAC mwaka 1945, alipendelea kuilinganisha mashine na ubongo, na istilahi ya memori ikashika. Sisi tulitafsiri istilahi ile tukapata kumbukumbu, na neno letu lilikuja na mzigo wake wa majalada na makabati.

Ili tusichanganyikiwe, katika makala haya nitaita memori ile isahauyo, na hifadhi ile idumuyo. Mfano wake ni mfasiri na chumba chake. Hifadhi ni rafu zenye vitabu vyote, na memori ni meza anayofanyia kazi. Vitabu anavyovisoma kwa wakati mmoja hapana budi viwe juu ya meza. Meza ikijaa, kila akitaka kitabu kipya lazima arudishe kingine rafuni, na siku nzima huenda katika kuinuka na kuketi. Ndivyo ifanyavyo kompyuta iliyopungukiwa na memori: huhamishia kwenye diski yale ambayo hayana nafasi, kisha huyarudisha yanapohitajiwa. Mtu aliyeongezewa rafu ilhali meza ni ileile hakusaidiwa, na hilo ndilo lililonipata siku ya kwanza.

Kupima haja kabla ya kununua

Swali la kwanza la mnunuzi si "kubwa kiasi gani inapatikana?" bali ni "kazi yangu hujaza meza kiasi gani?" Jambo hili hupimika. Katika Windows 10 na Windows 11, ukibonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufunguka dirisha ambalo lina sehemu ya memori. Humo huonekana kiasi kilichopo, kiasi kinachotumika, mwendo wa memori, na idadi ya nafasi zilizokwisha kujazwa. Katika Linux, amri ya free -h hutoa hesabu ya kiasi. Fungua programu zako zote za siku ya kazi nzito, kisha tazama. Ikiwa theluthi moja ya memori bado ni tupu, uzito wa mashine una sababu nyingine.

Wanaisimu tuna desturi ya kudhani ya kuwa maandishi ndiyo yenye uzito. Hesabu haikubali. Tukikadiria herufi saba kwa kila neno pamoja na nafasi ifuatayo, maneno milioni moja ya Kiswahili kwa hati ya Kilatini hufanya megabaiti 7 tu. Maandishi kwa hati ya Kiarabu huchukua baiti mbili kwa kila herufi katika usimbaji wa UTF-8, lakini hata hayo hayatazidi sana megabaiti 14. Ni kweli ya kuwa programu ya kutafuta maneno huongeza faharasa na alama za sarufi, na ukubwa ukawa mara nyingi zaidi, lakini mwanzo wake ni mdogo.

Picha ni jambo lingine. Ukurasa mmoja wa mswada wenye ukubwa wa A4, uliopigwa picha ya rangi kwa nukta 300 kwa inchi, una nukta 2,480 kwa 3,508, na kila nukta huchukua baiti tatu. Jumla yake ni kiasi cha megabaiti 26 unapofunguliwa, hata kama faili lake lilibanwa likawa dogo katika diski. Mtu akifungua kurasa mia moja kwa pamoja amekwisha jaza gigabaiti 2.6.

Sauti ina jambo la kushangaza zaidi. Saa moja ya sauti ya mkondo mmoja, iliyorekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na baiti mbili kwa kila sampuli, huwa ni megabaiti 317 katika diski. Lakini programu ya Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo wengi wetu huitumia, ikilisoma faili lote kwa njia ya kawaida huweka kila sampuli kwa baiti nane ili hesabu zake ziwe sahihi. Saa ileile sasa inachukua gigabaiti 1.27 katika memori, na ikiwa ni ya mikondo miwili ni gigabaiti 2.54. Msomaji ataona mara moja kwa nini mashine yetu ya gigabaiti 4, ambayo sehemu kubwa ilikwisha chukuliwa na mfumo wa uendeshaji, haikuweza kubeba mahojiano mawili.

Tena hapa pana funzo. Programu hiyohiyo ina njia ya pili ya kufungua sauti ndefu, ambayo huiacha katika diski na kuchukua kipande kinachotazamwa tu. Njia hiyo haigharimu hata senti. Laiti ningalipima kwanza, ningaliponya nusu ya ugonjwa kabla ya kwenda dukani.

Aina na uzao

Haja ikishajulikana, hufuata swali la ulinganifu, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Memori za kompyuta zimetoka kwa vizazi, na kila kizazi kina kanuni zake zilizotangazwa na chombo cha viwango kiitwacho JEDEC. DDR3 ilitangazwa mwaka 2007, DDR4 mwaka 2012, na DDR5 mwaka 2020. Kipande cha DDR3 cha kompyuta ya mezani kina pini 240 na hutumia volti 1.5, au 1.35 kwa kile kilichoandikwa DDR3L. DDR4 ina pini 288 na volti 1.2. DDR5 nayo ina pini 288, lakini volti yake ni 1.1 na pengo lililokatwa ukingoni liko mahali pengine. Pengo hilo liliwekwa kwa makusudi, ili kipande cha kizazi kimoja kisiingie katika ubao mama wa kizazi kingine. Kipande kikikataa kuingia, usikilazimishe. Vipande vya kompyuta za mapajani pia ni vifupi, wala havifai katika kompyuta ya mezani ya kawaida, ijapokuwa baadhi ya kompyuta ndogo za mezani hutumia vifupi hivyo.

Jina la kompyuta peke yake halitoshi kujua kizazi. Sisi wanaisimu tuna neno homonimu kwa maneno mawili yenye umbo moja na maana mbalimbali, na mambo ya namna hiyo yapo hata huku. Kampuni ya Dell ilitoa OptiPlex 7010 mwaka 2012, yenye kutumia DDR3, na mwaka 2023 ikatoa OptiPlex 7010 nyingine ambayo ni ya uzao mpya kabisa na haipokei DDR3. Mtu akimwambia muuzaji jina tu, amesema neno lenye maana mbili bila ya muktadha. Njia ya salama ni kukichomoa kipande kilichomo na kwenda nacho, au kusoma kitabu cha maelekezo cha ubao wenyewe, au kutumia programu ya CPU-Z, ambayo haina malipo na hutaja kizazi cha memori iliyomo.

Kusoma lebo

Juu ya kila kipande pana lebo, na lebo hiyo inasomeka kama kitenzi cha Kiswahili, mofimu baada ya mofimu. Tuchukue mfano wa lebo ya kizazi cha tatu: 8GB 2Rx8 PC3L-12800U-11. Sehemu ya kwanza ni ukubwa. Ya pili ni mpangilio wa chembe za memori juu ya kipande. PC3 ni kizazi cha tatu, na L ni ile volti ya chini. 12800 ni wingi wa megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde, na ukigawanya kwa baiti nane zinazopita kila mara, unapata 1600, ambayo ndiyo mwendo wake. U ni kipande cha kawaida cha kompyuta ya mezani. Nambari 11 ni idadi ya mapigo ya saa ya ndani yanayopita kabla ya jibu la kwanza kutoka.

Herufi ile U ina thamani kubwa kuliko umbo lake. Pahali pake pakiwa na R, kipande hicho kimetengenezwa kwa ajili ya seva, na kompyuta ya mezani ya kawaida haitawaka nacho. Vipande vya R huchomolewa kwa wingi katika seva za zamani na huuzwa kwa bei ya chini, na wengi huvutwa na bei hiyo.

Jambo jingine la kuangaliwa ni ya kuwa lahaja ya lebo ilibadilika kati ya kizazi na kizazi. Katika lebo za DDR4 za kiwango, kama PC4-2400T, nambari haitaji tena megabaiti bali hutaja mwendo. Mnunuzi asiyejua ataona 12800 kwenye kipande cha zamani na 2400 kwenye kipya, akadhani cha zamani kinashinda, ilhali 2400 mara nane ni 19,200. Kadhalika idadi ya mapigo isilinganishwe bila ya kuangalia urefu wa pigo. DDR3 ya mwendo wa 1600 yenye mapigo 11 na DDR4 ya mwendo wa 3200 yenye mapigo 22 zote hungoja nanosekunde 13.75. Nambari imekuwa maradufu, lakini muda wa kungoja ni mmoja. Kwa kazi zetu, kuwa na memori ya kutosha kuna faida kubwa kuliko kuwa na memori yenye mwendo mkali.

Idadi na mpangilio

Ubao mama wa mezani aghalabu una nafasi mbili au nne za memori, na prosesa huweza kusoma mikondo miwili kwa pamoja. Kwa hiyo vipande viwili vya gigabaiti 8 vilivyo sawa hufanya kazi vizuri kuliko kimoja cha gigabaiti 16, kwa kuwa kila safari hupita biti 128 badala ya 64. Lakini nafasi zikiwa mbili tu na mtu anatazamia kuongeza baadaye, huenda kipande kimoja kikubwa kikawa na busara. Vipande vya mwendo mbalimbali vikiwekwa pamoja, vyote hufuata mwendo wa yule wa pole. Kitabu cha maelekezo husema ni nafasi zipi zijazwe kwanza, na huonyesha pia kikomo cha ubao.

Kuna kikomo kingine kilicho katika mfumo wa uendeshaji. Mfumo wa biti 32 unaweza kuhesabu anwani 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4, na Windows za mezani za biti 32 hazitumii zaidi ya hapo. Anayeongeza memori katika mfumo huo bila ya kuubadili amenunua meza na kuiacha nje ya mlango.

Ikiwa msomaji ataka kipimo cha kuanzia, mimi nadhani gigabaiti 8 zinamtosha mwenye kuandika, kusoma na kuwasiliana. Gigabaiti 16 zinamfaa mwenye kupima sauti na kupekua kongoo. Na gigabaiti 32 au zaidi ni za yule ambaye vipimo vyake mwenyewe vimemwonyesha haja. Haja hiyo na ithibitishwe kwa hesabu, hasa kwa kuwa katika miezi ya mwisho ya mwaka 2025 bei za memori zilipanda sana ulimwenguni, baada ya viwanda kuelekeza nguvu zake katika memori za mashine za akili bandia.

Pana mambo ambayo memori haiyaponyi. Mashine inayochelewa kuwaka, hali memori yake haijajaa, huenda ikafaidika zaidi kwa kubadilishiwa diski ya sahani zinazozunguka kwa diski ya SSD. Vilevile msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11 kwa sababu ya prosesa na ulinzi wake. Kuongeza memori hakuondoi kizuizi hicho. Mwenye mashine ya namna hiyo afikiri kwanza kama ataiendesha kwa Linux au ataiacha, ndipo atoe fedha.

Kuhusu kuweka, maneno ni machache. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kushika kipande, kwa kuwa umeme wa mwilini huweza kukiharibu. Kishike kwa kingo zake, linganisha pengo, ubonyeze mpaka vishikizo vifunge. Baadaye pima kwa programu ya MemTest86 usiku mmoja. Kipande kibovu huenda kisizime mashine, bali kikabadili herufi moja hapa na nambari moja pale, na kwa mtunza maandishi hilo ni baya kuliko kuzimika.

Mashine yetu ilikuwa na vipande viwili vya gigabaiti 2 katika nafasi nne. Tuliongeza viwili vya gigabaiti 4 vya DDR3, jumla ikawa 12, na msaidizi akajifunza kufungua sauti ndefu bila ya kuisoma yote. Tangu siku hiyo hatujapoteza kazi kwa sababu ya kukwama. Kile kipande kisichoingia ninacho mezani, na huwaonyesha wanafunzi ninapofundisha istilahi.

Kuhusu istilahi sitoi hukumu, kwa kuwa istilahi ni mali ya watumiaji. Nasema tu ya kuwa tukiachilia kumbukumbu kuwa jina la memori na la hifadhi pia, wataendelea kuwako walimu watakaotoka dukani na rafu walipotaka meza. Wenye kamusi na walifikirie jambo hili. Nao wenye kompyuta, kabla hawajanunua, na wapime haja yao, wakijue kizazi cha ubao wao, na waende dukani wakiwa na kipande cha zamani mkononi.